Pori Lenye Maneno Mawili: Kupima Istilahi za Wanyamapori Masasi na Newala

Msomaji wa kurasa hizi amezoea kukuta humu orodha za istilahi zilizokwisha kupita katika kamati, kila neno likiwa limekaa mahali pake kama askari katika gwaride. Safari hii naomba ruhusa nieleze yaliyotangulia orodha. Rasimu ya istilahi za utalii na wanyamapori ilikuwa tayari mezani, imeandikwa kwa uangalifu na watu wenye elimu, nami nikapewa kazi ya kuipima kwa wasemaji kabla haijapelekwa mbele. Nikaichukua hadi Masasi, kisha nikapanda nayo Newala, juu ya uwanda wa Makonde.

Huenda mtu akauliza kwa nini Masasi na Newala, sehemu ambazo hazitajwi mara nyingi katika vitabu vya watalii. Sababu ndiyo hiyo hiyo. Rasimu yetu ilikuwa na harufu ya Serengeti na Ngorongoro kila ukurasa. Waliotunga maneno yale walikuwa wakiona machoni mwao nyika ya majani mafupi, magari yaliyopakwa rangi ya udongo, na nyumbu wasiohesabika. Kusini kuna wanyama pia, tena wengi, lakini nchi ni nyingine na historia yake na watu ni nyingine. Neno lisilopimwa kusini limepimwa nusu.

Tuanze na neno ambalo lugha yetu imeipa dunia nzima, yaani safari. Kwa Mswahili, safari ni mwendo wowote wa kutoka mahali kwenda mahali pengine, uwe wa kwenda Mtwara kuuza korosho, uwe wa kwenda Makka kuhiji. Neno tulilipata kwa Waarabu, na Wazungu wakalichukua kwetu katika karne ya 19, wakati misafara ilipokuwa ikitoka Kilwa, Lindi na Mikindani kuelekea Ziwa Nyasa. Njia za misafara hiyo zilipita katika nchi hii ninayoizungumzia. Livingstone alitokea Mikindani mwaka 1866 akaufuata mto Ruvuma. Askofu Edward Steere, yule aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alipita huku mwaka 1876 akiongoza kundi la watumwa waliokombolewa, nao wakaweka makazi Masasi. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alitoka Lindi na wapagazi wake akaja Masasi na Newala kuchunguza mila. Hao wote walikuwa safarini kwa maana yetu. Lakini neno lilipofika Ulaya na Marekani lilibanwa, likawa na maana ya kwenda Afrika kuwinda, na baadaye kwenda kupiga picha wanyama.

Sasa maana hiyo iliyobanwa imeanza kurudi nyumbani. Katika matangazo ya Kiswahili ya siku hizi utasoma kwamba kampuni fulani "inatoa huduma za safari", na mzee wa Newala akisoma atadhani ni kampuni ya mabasi. Mimi sioni haja ya kulipigania neno lisirudi. Maneno hurudi kama watoto waliosoma mbali, na kila mmoja huja na tabia zake mpya. Ila katika istilahi rasmi tuseme "ziara ya wanyamapori" pale tunapokusudia ziara ya wanyamapori, na safari iachwe na upana wake.

Neno la pili lilipata shida zaidi, nalo ni mbuga. Redio na magazeti kwa miaka mingi yamesema "mbuga za wanyama", na hata mtoto wa shule ya msingi husema hivyo. Lakini mbuga ni nchi tambarare iliyo wazi, aghalabu yenye udongo mweusi unaoshika maji wakati wa masika. Ukisimama Masasi mjini, unaona milima ya mawe imechomoza katika nchi kama vichwa vya watu waliozikwa wima, na katikati yake ni misitu ya miombo. Ukipanda uwanda wa Makonde unakuta vichaka vizito na mikorosho juu ya mchanga unaoyanywa maji yote ya mvua, hata watu wa Newala wa zamani walilazimika kushuka mabondeni kuyafuata, na wanyama wakubwa wakabaki huko huko chini yalipo maji. Mbuga iko wapi? Nilipomwomba mkulima mmoja wa karibu na Newala anitajie mbuga anayoijua, alinitajia jaruba la mpunga la shemeji yake lililoko bondeni. Hakukosea. Aliyekosea ni mwenye rasimu.

Kwa bahati njema sheria zetu hazikulifuata neno mbuga. Serengeti ilipofanywa eneo la taifa mwaka 1951, na sheria maalumu ilipotungwa mwaka 1959, neno la Kiswahili lililokuja kushinda ni hifadhi. Ndiyo maana shirika linalosimamia maeneo hayo linaitwa Shirika la Hifadhi za Taifa. Neno hili ni zuri, lina heshima, na lina sauti ya dua ndani yake. Lakini hapo ndipo ilipo shida kubwa niliyokutana nayo, nami naomba msomaji anivumilie nikiieleza kwa urefu.

Katika mkoa wa Mtwara hakuna hifadhi ya taifa ya nchi kavu. Iliyoko ni hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, nayo ina sheria yake. Upande wa bara, katika nchi iliyokuwa wilaya ya Masasi kabla Nanyumbu haijakatwa, kuna Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, lililobeba majina ya mito miwili, na kusini yake ni Ruvuma wenyewe. Kuna pia Pori la Akiba la Msanjesi. Ng'ambo ya Ruvuma, katika Msumbiji, kuna eneo kubwa la Niassa. Upande wa kaskazini-magharibi, kupitia Tunduru na Namtumbo, kuna mapito ya tembo yanayounganisha Niassa na Selous. Na Selous yenyewe tangu mwaka 2019 imegawanyika: sehemu kubwa imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyobaki imeendelea kuwa pori la akiba. Kisha kuna mapori tengefu. Kisha kuna maeneo ambayo vijiji vyenyewe vimeyatenga katika ardhi yao, kwa mujibu wa sera ya mwaka 1998 na kanuni zilizofuata, nayo huitwa maeneo ya hifadhi ya jamii.

Tofauti za majina haya zinagusa maisha ya watu moja kwa moja. Katika hifadhi ya taifa hakuna uwindaji kabisa, wala wa mgeni mwenye leseni wala wa mwenyeji mwenye njaa. Mtu huingia kuangalia na kutoka. Katika pori la akiba uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa leseni, lakini mwanakijiji haruhusiwi kuingia bila kibali, hata kama anafuata kuni au uyoga. Katika hifadhi ya jamii ardhi hubaki ya kijiji, na wanakijiji kupitia jumuiya yao ndio wanaoamua matumizi na kupata sehemu ya mapato. Mambo haya matatu ni tofauti kama nyumba ya kupanga, nyumba ya serikali na nyumba ya urithi. Lakini katika mazungumzo, na hata katika mbao za matangazo, yote huitwa kwa neno moja: hifadhi.

Katika kijiji kimoja upande wa Ruvuma, ambacho sitakitaja, niliambiwa habari ya mkutano uliofanyika miaka kadhaa nyuma. Wageni walikuja na karatasi, wakaeleza kwamba kijiji kinaombwa kikubali kuanzisha hifadhi. Mkutano ukakataa, tena kwa kelele. Wale wageni wakaondoka wakisema watu wa huku hawapendi maendeleo. Bibi mmoja aliyekuwapo alinieleza sababu bila kunificha: "Mjukuu wangu, sisi neno hifadhi tunalijua. Hifadhi ni pale unapoambiwa toka." Nilipomweleza kwamba jambo lililoombwa lilikuwa ni kutenga sehemu ya ardhi yao wenyewe, na kwamba wangebaki nayo mikononi mwao, alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kwa nini basi hawakuliita kwa jina lake. Sikuwa na jawabu. Sisemi kwamba wangekubali kama wangeelewa. Huenda wangekataa vilevile, na ni haki yao. Nasema walikataa kitu kingine, kisichokuwa kile walichoulizwa.

Neno "akiba" nalo lina mambo yake. Kila mtu anajua akiba ni kitu unachokiweka leo ili ukitumie kesho. Basi mwananchi akiambiwa kwamba pori hili ni la akiba, anangoja kesho. Mzee mmoja wa Masasi, mrina asali kwa kazi yake, aliniambia kwa utani kwamba amelingojea tangu ujanani na bado halijafunguliwa. Istilahi hii ilitoholewa maana kutoka Kiingereza neno kwa neno, na mfasiri wa wakati huo hakufanya kosa la sarufi. Alisahau tu kwamba neno akiba huja na ahadi ndani yake.

Kuhusu "pori tengefu" naona jina lenyewe halina lawama. Linatokana na kutenga, na linasikika vizuri. Shida ni kwamba maana ilibadilika huku jina likibaki. Chini ya sheria ya mwaka 1974, pori tengefu lilikuwa eneo ambalo uwindaji wake hudhibitiwa, lakini watu waliendelea kulima na kuchunga ndani yake. Sheria ya mwaka 2009 ikakataza kilimo na malisho humo. Mtu aliyelala akiwa katika pori tengefu la zamani aliamka katika pori tengefu jipya, na hakuna herufi hata moja iliyomwonya. Sisi wa istilahi tunasisitiza sana kwamba neno moja libebe maana moja. Basi tulitakiwa kupiga kelele siku ile, nasi tulinyamaza.

Mapendekezo niliyoyaandika pembezoni mwa rasimu ni haya. Neno hifadhi lisitumike peke yake katika maandishi yoyote yanayosomwa kwa wananchi. Lifuatwe na neno la kumtaja mwenyewe: hifadhi ya taifa, hifadhi ya kijiji. Maeneo yaliyotengwa na vijiji yaitwe "ardhi ya kijiji ya wanyamapori", ili neno kijiji litangulie masikioni. Na kwa ile njia ya tembo, rasimu ilikuwa na "ushoroba". Ni neno zuri la Kiswahili, la njia nyembamba ya ndani, nami sina ugomvi nalo katika vitabu vya sheria. Lakini kusini kila niliyemuuliza alisema "mapito ya tembo" au "njia ya tembo". Ubao unaosomeka "Mapito ya Tembo" utaeleweka na dereva usiku, na hauhitaji kamusi.

Nije sasa kwa neno lililonichekesha kabla halijanifikirisha. Katika lugha ya uwindaji wa kitalii, eneo analopewa mwekezaji kuwinda huitwa kitalu. Newala ni nchi ya korosho, na kila mkulima anajua kitalu ni kile kipande cha ardhi kilichokingwa jua, kinachooteshwa miche ya mikorosho. Nilimsomea kijana mmoja sentensi ya rasimu isemayo kwamba mwekezaji amekabidhiwa kitalu chenye ukubwa wa kilometa za mraba mia kadhaa. Akaniuliza, kwa uso wa mshangao wa kweli, ni miche mingapi hiyo, na nani ataimwagilia maji. Tulicheka. Lakini neno limekwisha kukaa katika kanuni na mikataba, na kuling'oa sasa kutaleta hasara kuliko faida. Liandikwe "kitalu cha uwindaji" kwa ukamilifu, basi.

Neno nyara halichekeshi. Sheria ya wanyamapori inasema kwamba mnyama, awe hai au mfu, na sehemu yake yoyote, ikiwa pembe, jino, ngozi, unyoya, yai au nyama, ni "nyara". Na kwa kuwa wanyama wa porini ni mali ya umma, mtu akikutwa na kitu hicho bila kibali hushtakiwa kwa kupatikana na nyara za serikali. Mahakama mara nyingi zimetoa kifungo cha miaka 20 kwa kosa hilo. Mfasiri alikuwa akitafuta neno la kufaa kichwa cha mbogo kinachotundikwa ukutani na mwindaji wa Ulaya, kitu cha kujivunia ushindi, naye akachukua nyara, yaani vitu na watu wanaotekwa vitani. Kwa kichwa cha mbogo si vibaya. Lakini neno hilo limekwenda kumfunika pia mtu aliyekutwa na vipande viwili vya nyama ya swala ndani ya mfuko wa chumvi.

Mtu wa Masasi akisikia nyara hafikirii pembe. Katika nchi hii watu ndio waliokuwa nyara. Makazi yale ya Steere yalianzishwa na watu waliotoka utumwani, na mwaka 1882 yalivamiwa na Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, wakachukua mateka. Habari hizo bado zinasimuliwa majumbani. Nilimwuliza mzee mmoja maana ya "nyara za serikali", akanijibu pole pole kwamba ni watu walioshikwa na serikali. Alikuwa na mpwa wake gerezani kwa kosa hilo. Tangu siku ya hukumu aliamini kwamba kijana alifungwa kwa kuwa ametekwa, wala hakujua kwamba shtaka lilihusu ile nyama. Hakimu alisoma shtaka kwa Kiswahili fasaha. Lilieleweka kwa kila neno, na maana haikufika.

Napendekeza "mazao ya wanyamapori" kwa nyama, ngozi, mayai na vinginevyo, na nyara libaki kwa kile kichwa cha ukutani. Najua wanasheria watasema kwamba neno mazao linasikika kama mahindi. Nawajibu kwamba afadhali msikilizaji aulize swali la mahindi kuliko kuondoka mahakamani na jawabu la vita.

Kwa upande wa mtu anayewinda, rasimu ilikuwa na maneno mawili tu, mwindaji na jangili. La kwanza ni la mwenye leseni. La pili, ambalo kwa asili ni mtu mwovu, mnyang'anyi, ni la asiyekuwa nayo. Sipunguzi ubaya wa ujangili. Selous ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 1976, na hesabu ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000. Hiyo ni kazi ya majangili kwa maana yote ya neno, wenye bunduki za vita na wanunuzi wa mbali. Lakini kumwita kwa jina hilo hilo mzee aliyetega panya-buku pembeni mwa shamba ni kuliharibu neno, kwa sababu neno linalomshika kila mtu halimtii aibu yeyote. Kiswahili cha kale kina neno "msasi", mwenye kusaka wanyama, ambalo limebakia katika methali. Ningependa lifufuliwe kwa mwindaji wa jadi. Msomaji atavutwa hapo kudhani kwamba jina la Masasi limetokana na wasasi. Mimi pia nilivutwa, lakini kufanana kwa sauti si ushahidi, na wingi wa msasi ni wasasi. Tuliache.

Kuna mtu wa tatu katika habari hii, yule anayelinda. Cheo chake leo ni mhifadhi au askari wa uhifadhi, na tangu mfumo wa jeshi usu ulipoanza huvaa vyeo vinavyofanana na vya jeshini. Wazee wa Newala bado humwita bwana nyama, kama walivyomwita bwana shamba na bwana afya. Wanamkumbuka mmoja zaidi ya wote, Mwingereza C. J. P. Ionides, aliyekuwa bwana nyama wa Liwale, akashiriki sana katika kuikuza Selous, na alipostaafu akahamia Newala kukamata nyoka. Huyo aliitwa Bwana Nyoka. Watu walikuwa wakienda kumpa habari kwamba kuna hongo au moma mahali fulani, naye huja na fimbo yake ndefu na kumlipa aliyeleta habari. Alifariki mwaka 1968. Nimetaja jina lake kwa sababu ya umbo la cheo chake. Bwana nyama, bwana nyoka: neno la kwanza linataja mtu, la pili linataja kazi, na mtoto wa miaka sita anaelewa. Katika kutunga vyeo vipya tumelisahau umbo hili mapema mno.

Na neno nyama lenyewe linastahili maelezo. Katika Kiswahili cha zamani, nyama ni mnyama pia, na ni upatanisho wa sarufi unaotenganisha: "nyama wa porini" yu hai na anatembea, "nyama ya porini" imo chunguni. Watu wa kusini bado wanalichezea neno hili kwa ustadi, na wengi wa niliozungumza nao walikuwa wakisema Kimakonde, Kimakua au Kiyao nyumbani kabla ya Kiswahili. Neno "wanyamapori" limeondoa utata huo, na nakubali linafaa.

Sasa fidia. Mnyama akila shamba au akiua mtu, serikali hutoa malipo, na kanuni za mwaka 2011 zimeyapa majina mawili: kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa. Ni maneno ya Kiswahili safi, na aliyeyachagua alijua lugha. Alijua pia sheria, kwa maana fidia ni haki inayodaiwa kwa kadiri ya hasara, na kifuta machozi ni mkono wa pole. Leso haipimwi kwa wingi wa machozi. Wananchi kwa upande wao husema fidia, na wakipewa kifuta jasho hurudi kudai kilichobaki, wakidhani karani amekula nusu. Kusini jambo hili ni zito. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba tangu 1990 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini Tanzania, wengi wao katika mikoa ya kusini, na kwamba mara nyingi nguruwe mwitu ndio chanzo: nguruwe huja kula mazao, mkulima hulala katika dungu shambani kumfukuza, na simba aliyemfuata nguruwe humkuta mkulima. Mwenye rasimu aliandika "mnara wa ulinzi wa mazao". Nilikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika dungu.

Majina ya wanyama nayapitia kwa haraka, kwa kuwa yanahitaji makala yake. Tembo na ndovu wote wawili waachwe. Tembo lina jamaa zake bara, kama ndembo la Kiyao, na pwani wengine bado hupenda kusema ndovu ili wasichanganye na kinywaji. Korongo ni taabu: ni mnyama, ni ndege, na ni bonde lililochimbwa na maji. Bonde hujitenga kwa upatanisho, "korongo hili", lakini mnyama na ndege wote ni "korongo huyu", na sentensi ya rasimu isemayo kwamba korongo hupenda kukaa karibu na maji haimwambii msomaji atazame chini au juu ya mti. Rasimu ilikuwa na palahala. Watumishi wa pori walisema mbarapi. Yaandikwe yote mawili. Na mbwa mwitu ni mnyama wetu halisi, mwenye madoadoa, awindaye kwa makundi, na nchi iliyo kati ya Selous na Niassa ni moja ya ngome zake kubwa duniani. Lakini watafsiri wa hadithi za Ulaya walimpa jina hilo mnyama mwingine wa theluji, na watoto wetu wamekua wakimchukia wa kwetu kwa makosa ya yule.

Mwisho wa rasimu kulikuwa na maneno ya mgeni mwenyewe. Mtalii ni neno lenye asili nzuri, kwa maana katika Kiarabu mzizi wake unahusu kusoma na kuchungulia kwa makini; laiti wote wangestahili jina lao. "Wakubwa watano" nimelikataa. Lilikuwa hesabu ya wawindaji wa kigeni, wakiwataja simba, chui, tembo, kifaru na mbogo kwa kuwa ni hatari kuwafuata kwa miguu; ukubwa haukuwamo, na chui ni mdogo kuliko pofu. Kwa mahali pa kupiga hema, wavuvi wanaolala ukingoni mwa Ruvuma wakati wa kiangazi husema dago. Nimelipendekeza, hasa kwa Lukwika, ambako mgeni anayetoka Masasi kupitia Mangaka hana budi kuja miezi ya ukavu, abebe hema lake na chakula chake, na avumilie mbung'o. Hoteli hakuna ya kutafsiri.

Neno nililoshindwa kuliamua ni la yule anayemwongoza mtalii. Rasimu inasema "mwongoza watalii". Kijana mmoja wa Mangaka afanyaye kazi hiyo alisema yeye hujiita kiongozi, na wenzake humcheka kwamba amegombea lini. Yule mrina asali wa Masasi, aliyekuwa akitusikiliza, akaingilia kwa kumtaja sego, ndege ambaye Wayao humfuata kwenda kwenye mizinga ya nyuki porini. Wataalamu waliomchunguza huko Niassa walitangaza mwaka 2016 kwamba warina wakitoa mlio wao maalumu wa kumwita, uwezekano wa kufika kwenye nyuki hupanda kutoka chini ya 20 hadi 54 kwa kila mia. Mzee hakuwa na habari ya hesabu hiyo. Alichosema ni kwamba sego hatembei mbele sana wala nyuma. Hutua, hulia, hungoja, na mwisho hupewa sega lake. Kisha akatuuliza, kama ndege ana jina la neno moja, kwa nini mtu apewe maneno mawili. Nimeandika "mwongoza watalii" katika rasimu, na pembeni yake nimeweka alama ya kuuliza.